Resident Evil: mfululizo wa mazombi uliofika mpaka kwenye Kiswahili

Mfululizo wa michezo ya video wa Resident Evil, unaotengenezwa na kampuni ya Capcom yenye makao yake mjini Osaka, Japan, ulianza kuuzwa Machi 22, 1996. Wajapani wanauita Biohazard, jina ambalo halikuweza kusajiliwa Marekani, na ndipo likatafutwa jingine. Wachezaji hawajaacha kubishana ni toleo lipi lililo bora. Makala haya yanalinganisha matoleo makuu, na yanakaa zaidi kwenye toleo la tano, kwa sababu ambayo msomaji wa Kiswahili ataitambua punde.

Zombi ni maiti inayotembea. Mtanzania angemfananisha na msukule, lakini msukule huaminika kuwa amechukuliwa na mchawi ili amtumikie, ilhali zombi wa Capcom hana bwana. Ameambukizwa virusi vilivyotoka katika maabara za Umbrella, kampuni ya kubuniwa ya madawa.

Katika toleo la kwanza, lililoongozwa na Shinji Mikami, askari wa kikosi maalumu Chris Redfield na Jill Valentine wamenaswa ndani ya jumba kubwa milimani, karibu na mji wa kubuniwa wa Raccoon City. Chris anaweza kubeba vitu sita tu, Jill vinane. Risasi ni haba, na mara nyingi busara ni kukimbia. Kamera haimfuati mchezaji. Imetegwa pembeni, naye husikia nyayo za adui kabla ya kumwona. Hata kuhifadhi pale ulipofikia kuna gharama, kwani sharti upate utepe wa wino na kuutia kwenye taipureta. Sisi tuliowahi kuhariri habari kwa taipureta tunajua jinsi utepe unavyokwisha saa ile ile unapouhitaji.

Toleo la pili, la mwaka 1998, likiongozwa na Hideki Kamiya, lilileta hofu hiyo mjini, ndani ya kituo cha polisi. Lina wahusika wawili, Leon Kennedy na Claire Redfield, na hadithi ya mmoja hukamilisha ya mwenzake. Kwa maoni yangu, hakuna toleo la enzi hiyo lililosukwa vizuri zaidi. La tatu, la 1999, linakumbukwa kwa Nemesis, jitu linalomwandama mchezaji kutoka chumba hadi chumba.

Mabadiliko makubwa yalikuja Januari 2005. Katika toleo la nne, Mikami aliihamisha kamera na kuiweka nyuma ya bega la Leon, aliyetumwa kijijini Hispania kumtafuta binti wa rais wa Marekani. Michezo mingi ya kupiga risasi iliyofuata iliiga mtindo huo. Wanakijiji hao, hata hivyo, si maiti. Ni watu hai wanaotawaliwa na vimelea vilivyomo mwilini. Wanashika mashoka, wanapanda ngazi, wanaitana. Fedha za huko ni peseta, ingawa Hispania ilikuwa imeanza kutumia noti za euro tangu 2002. Usahihi wa mahali haukuwa wasiwasi mkubwa wa waandishi, na hilo lilionekana zaidi katika toleo lililofuata.

Toleo la tano lilitoka Machi 2009. Chris Redfield anapelekwa Kijuju, eneo la kubuniwa Afrika Magharibi, akiwa na mwenzake Mwafrika, Sheva Alomar, ili watu wawili waweze kucheza pamoja. Filamu fupi ya kuutangaza mchezo huo, iliyoonyeshwa mwaka 2007, ilizua malalamiko makali: Mzungu mwenye bunduki akiwaua wanakijiji weusi mmoja baada ya mwingine. Mjadala ulihusu rangi, na ulistahili kufanyika. Lugha haikuzungumziwa sana.

Wanakijiji hao wanasema Kiswahili. Mwaka ule, nikiwa ugenini, nilisikia mayowe ya Kiswahili kutoka chumba cha mwanangu, nikatoka mbio nikidhani tumepata wageni na kwamba wamegombana. Nilimkuta peke yake mbele ya televisheni, akipiga risasi. Kwa mchezaji wa Osaka au Chicago, mayowe yale ni kelele za kutisha. Kwetu ni maneno, na anayeyasema ni mtu. Nilimwomba mwanangu apunguze sauti, naye hakuelewa kwa nini.

Jina la Kijuju limeunganisha kiambishi chetu cha ki- na neno juju, ambalo makazi yake ni Afrika Magharibi, kule ambako Kiswahili si lugha ya wenyeji. Maadui wanaitwa Majini. Hapa watunzi walikaribia ukweli pengine bila kujua. Katika imani za pwani yetu, mtu aliyepandwa na jini hajafa. Yu hai, ila kinachonena kinywani mwake si yeye. Hiyo ndiyo hali ya watu wa Kijuju. Kosa ni kwamba jini ni yule anayepanda, wala si aliyepandwa, na wazee wetu husema wapo majini wema. Aliyepagawa huganguliwa, mchezo huo haumpi Chris njia hiyo.

Kwa uchezaji wenyewe, toleo la tano ni la nne lililoongezewa risasi na mwanga wa jua. Liliuzwa sana, lakini hofu ilipungua, kwa kuwa mwenye silaha tele na mwenzi pembeni haogopi. La sita, la Oktoba 2012, lilijaza hadithi nne na milipuko kila upande, na wahakiki wengi hawakulipenda. Sina la kuongeza.

Capcom ilirudi nyuma Januari 2017. Toleo la saba lina nyumba moja jimboni Louisiana, familia moja ya kutisha, na mchezaji anaona kwa macho ya mhusika, Ethan Winters. Uhaba wa risasi ukarejea. Village, la 2021, liliendeleza hadithi ya Ethan. Kati ya hayo mawili toleo la pili lilitengenezwa upya, mwaka 2019, na la nne likafuata 2023.

Kwa anayeanza leo, toleo la pili la mwaka 2019 ndilo la kutangulia: kamera yake ni ya kisasa na kituo cha polisi kinatisha kama zamani. La tano lichezwe na watu wawili, mmoja wao akiwa anajua Kiswahili.