Klia ya magari ya mfano
Klia, yaani vanishi isiyo na rangi, ni tabaka la mwisho linalolinda rangi ya gari la mfano na kulipa mng'ao. Hatari iko kwenye kiyeyusho: laka yenye thina, ikipulizwa nzito, hukunja rangi ya chini na kula plastiki ya polistirini. Klia ya akriliki ya maji ni salama zaidi. Hali ya hewa nayo ni muhimu: mjini Arusha, kwa mfano, unyevu wa masika huacha ukungu mweupe juu ya laka. Heri kungoja siku kavu. Klia ya gereji inayochanganywa na hadina, yaani kigumishi, ina isosayaneti, sumu ya mapafu. Isipulizwe kamwe nyumbani.