Nimonitisi ya mzio

Nimonitisi ya mzio ni uvimbe wa mapafu unaotokea kinga ya mwili inapopambana kupita kiasi na vumbi litokanalo na viumbe: mbegu za kuvu, bakteria waotao kwenye majani yaliyovunda, au protini za manyoya na kinyesi cha ndege. Uvimbe huo hushika vifuko vya hewa na vijia vidogo vinavyovifikia, mahali oksijeni inapoingia kwenye damu.

Istilahi hii hutenganisha nimonitisi na nimonia kwa sababu hapa hakuna kijidudu kinachozaliana mapafuni, hivyo antibiotiki hazisaidii. Kuiita “homa ya mapafu” kungepotosha, kwani jina hilo tayari ni la nimonia. Mzio, neno lililotaja kwanza chakula au kitu ambacho mtu hukiepuka kwa mwiko au kwa kuwa kinamdhuru, siku hizi ndilo neno la kawaida la alergia. Mzio huu hutofautiana na wa pumu: pumu hubana njia za hewa na kumfanya mgonjwa apumue kwa sauti ya mluzi, aghalabu muda mfupi baada ya kuvuta vumbi, ilhali nimonitisi hugusa pafu lenyewe na huchelewa kwa saa kadhaa.

Katika wilaya ya Same nchini Tanzania, vumbi la namna hii hutarajiwa zaidi kwenye miteremko yenye mvua na ukungu ya milima ya Pare Kusini kuliko kwenye tambarare kavu. Mazao yanayohifadhiwa kabla hayajakauka huota kuvu, na kuvu hupeperuka mahindi yanapopukuchuliwa. Majani ya ng'ombe yaliyolundikwa yakiwa na unyevu hupata joto na kuotesha bakteria wapendao joto. Hao ndio chanzo cha “pafu la mkulima”, ugonjwa ulioelezwa na J. M. Campbell nchini Uingereza mwaka 1932. Mabanda ya kuku na njiwa ni chanzo kingine. Vumbi la mkonge, zao la tambarare, hujulikana zaidi kwa kuwasha njia za hewa, na kikohozi chake kisichukuliwe moja kwa moja kuwa nimonitisi.

Katika hali ya ghafla, homa, baridi, kikohozi kikavu, kubanwa kifua na kuhema huanza saa 4 hadi 8 baada ya kazi yenye vumbi, kisha hupungua ndani ya siku chache. Mtu hudhani ni malaria, hupona, na huugua tena akirudi ghalani. Katika hali sugu, pumzi hupungua polepole kwa miezi au miaka, uzito hushuka na ncha za vidole huweza kuvimba. Dalili hizo hufanana na za kifua kikuu, kwa hiyo makohozi hupimwa kwanza. Eksirei huweza kuonekana safi. CT-skani huonyesha zaidi. Swali lenye uzito kuliko yote ni la kazi na makazi: mgonjwa hufanya nini, hufuga nini, na je, hupata nafuu akisafiri?

Tiba ya kwanza ni kuondoa chanzo. Mahindi hukaushwa vizuri kabla ya kuwekwa, ghala huachwa lipitishe hewa, banda hunyunyiziwa maji kabla ya kufagiwa, na kazi ya vumbi hupewa mtu mwingine inapowezekana. Kitambaa cha kufunika pua hakizuii mbegu za kuvu. Barakoa ya kuchuja vumbi laini, inayokaa sawasawa usoni, husaidia kiasi. Dawa ya prednisoloni hupunguza uvimbe, lakini hutolewa na daktari baada ya kifua kikuu kuchunguzwa, kwa kuwa huweza kukiamsha. Mwenye upungufu mkubwa wa oksijeni hupewa oksijeni.

Uvimbe usio na makovu huweza kuisha chanzo kikiondolewa mapema. Makovu yakishajengeka hayafutiki, na matibabu hulenga kupunguza kasi ya kuenea kwake na kulinda pumzi iliyobaki.