Vibao vya Vindolanda

Vibao vya Vindolanda ni barua, hesabu na taarifa za kijeshi zilizoandikwa kwa Kilatini juu ya mbao nyembamba, karibu miaka 1,900 iliyopita, katika ngome ya Kirumi ya Vindolanda, kaskazini mwa Uingereza. Ngome ya kwanza ilijengwa hapo kiasi cha mwaka 85 BK, kabla ya Ukuta wa Hadrian kuanza kujengwa jirani mwaka 122. Thamani kubwa ya vibao hivi ni kwamba wanaozungumza ndani yake si makaisari, bali watu wa kawaida wa mpakani.

Kibao kina unene usiozidi milimita 3 hivi na ukubwa unaokaribia kadi ya posta. Kiliandikwa kwa wino wa masizi, kisha kikakunjwa. Ubao wa namna hiyo ulipaswa kuoza zamani. Ila kila mara askari walipobomoa ngome ya mbao ili kujenga nyingine juu yake, walifukia mabaki kwa udongo. Chini pakabaki majimaji pasipo hewa, na viumbe wanaoozesha mbao hawakuweza kuishi.

Mwaka 1973 mwanaakiolojia Robin Birley alipata vipande viwili vilivyogandamana. Alipovitenganisha aliona maandishi, lakini muda si muda yakafifia. Yalisomeka tena kwa picha za infraredi, na wataalamu Alan Bowman na David Thomas wakafanya kazi ngumu ya kuyafasiri. Vibao vilivyopatikana sasa vinazidi 1,700, vingi vikihifadhiwa katika Makumbusho ya Uingereza, London.

Kilicho maarufu zaidi ni cha kiasi cha mwaka 100. Claudia Severa, mke wa kamanda wa ngome nyingine, anamwalika rafikiye Sulpicia Lepidina kwenye sherehe ya siku yake ya kuzaliwa, tarehe 11 Septemba. Barua iliandikwa na karani, lakini mwishoni mwandiko unabadilika: Severa mwenyewe ameshika kalamu, akamuaga Lepidina kwa mapenzi, akimwita dada. Mistari hiyo michache ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Kilatini yanayojulikana kuandikwa kwa mkono wa mwanamke, na ni vigumu kuisoma bila kuguswa.

Vingine ni vya kazi. Taarifa moja ya kikosi cha Watungri, waliotoka Ubelgiji ya leo, inahesabu askari 752, lakini waliokuwapo kambini ni 296 tu. Kati yao 31 hawakufaa kwa kazi, na 10 kati ya hao waliugua macho. Mtu mmoja ametumiwa soksi, makubadhi na nguo za ndani, jambo linaloeleweka kwa yeyote anayejua baridi ya huko. Mfanyabiashara Octavius anasema hakwenda kuchukua ngozi zake kwa kuwa njia ni mbovu. Askari Gambax ameandikiwa dinari mbili za pilipili manga, kiungo kilichovuka Bahari ya Hindi kutoka Bara Hindi kwa pepo za msimu.

Afisa wa wapanda farasi, Masclus, alimwandikia mkuu wake kuomba maagizo ya kesho yake, na pia kumweleza kuwa askari wake wameishiwa bia. Mwaka 2017 vibao vingine 25 vilichimbuliwa, na ndani yake Masclus akaonekana tena: safari hii anaomba likizo.