Kupiga Chuku

Nyumbani kwa bibi, Nzuguni, kuna pembe fupi ya ng'ombe yenye tundu dogo nchani. Utotoni nilidhani ni filimbi, nikaipuliza. Bibi akacheka: "Hiyo haipulizwi, mjukuu wangu. Hufyonzwa."

Ni chuku. Mwumikaji aliukandamiza mdomo wake mpana penye maumivu, akafyonza hewa kupitia tundu, akaliziba kwa nta. Nyama ikaumuka. Akaitoa, akachanja kwa wembe, akairudisha. Damu ikajaa ndani. Bibi bado ana chale kwenye panja zote mbili.

Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inalipa neno chuku maana mbili: pembe ya kuumikia, na kutia chumvi katika maneno. Sisi sekondari tulifundishwa ya pili tu, tamathali ya semi ya kukariri kwa ajili ya mtihani.

London, kifaa cha kazi hiyohiyo kilipata bahati nyingine. Mwaka 1823 Thomas Wakley alianzisha jarida la tiba akaliita The Lancet, jina la kisu kidogo ambacho madaktari walikitumia kufungulia mishipa. Nao walimwaga damu nyingi kuliko pembe. George Washington alitolewa damu mara nne siku aliyofariki, 14 Desemba 1799, akiugua koo. Mwaka 1833 Ufaransa iliagiza ruba zaidi ya milioni 40. Katika miaka hiyohiyo, Pierre Louis wa Paris alihesabu wagonjwa wa homa ya mapafu, akaonyesha kwamba kuwatoa damu kuliwasaidia kidogo mno kuliko ilivyoaminiwa.

Imani ilikuwa moja. Kisu chao kikawa jina la jarida la heshima, pembe yetu ikawa jina la maneno yaliyotiwa chumvi.

Siitetei pembe kama dawa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983, na baadaye kila mtu akaonywa kuhusu wembe wa kuchangia. Bibi mwenyewe ndiye aliyeificha pembe kapuni.

Juzi kichwa kilimuuma, akaiulizia. Nikampeleka zahanati, presha ilikuwa juu. Tukisubiri dawa, akasema taratibu: "Usije ukawaambia watu kwamba tulikuwa wajinga."

Hawakuwa wajinga. Kichwa kiliuma, zahanati ilikuwa mbali, na pembe ilikuwepo.