Kaaleng: Ambako gharama ya maisha hupimwa kwa mbuzi
Kaaleng, kaskazini mwa Kaunti ya Turkana, ni makazi ya wafugaji wa Kiturkana ambao riziki yao hutegemea mbuzi, kondoo, ngamia, ng'ombe na punda. Mwanamke ndiye hujenga nyumba kwa fito na majani ya mkoma, huteka maji na kukama. Mwanamume huamua mifugo ihamie malisho yapi. Mahari hulipwa kwa mifugo, nao jamaa wa kijana humchangia.

Anayehitaji unga, sukari, majani ya chai au karo huuza mbuzi. Bidhaa za dukani hufika kwa malori kutoka mbali, hivyo bei huwa juu. Kiangazi kikikaza, mbuzi hukonda na thamani yake huporomoka, huku unga ukipanda. Ndivyo ilivyokuwa mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo kati ya 2020 na 2022.

Mpango wa serikali wa kukabiliana na njaa uliwahi kuzipa familia maskini Turkana Sh2,700 kwa mwezi. Fedha hizo hununua chakula, lakini hazirejeshi kundi lililoangamia. Na kijana asiye na mifugo hana mahari.