1915: Manowari kwenye mikoko ya Rufiji

Ukiniuliza Vita Kuu ya Kwanza iliingiaje kwetu, sikupeleki Ulaya. Nakupeleka delta ya Rufiji, kule kwenye mikoko ya Salale na Maparoni.

Septemba 20, 1914, manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliishambulia na kuizamisha Pegasus ya Waingereza pale Unguja, kisha ikajificha deltani. Waingereza wakaizingira. Julai 1915 wakaingiza Severn na Mersey, meli zinazoweza kupita maji mafupi, wakaipiga tarehe 6 na tena tarehe 11. Nahodha Max Looff akaamuru meli yake izamishwe.

Wengi huishia hapo. Lakini mizinga yake 10 iliopolewa, ikafungwa magurudumu, ikaendelea kupigana nchi kavu. Nani waliikokota porini? Waafrika, ndugu yangu. Waingereza nao walikuwa na wapagazi wao, Carrier Corps, ndipo tukapata jina la Kariakoo.

Leo mzinga mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, mwingine Pretoria, Afrika Kusini. Looff yumo vitabuni. Je, waliovuta kamba? Wenye wazee Rufiji, waulizeni walichosimuliwa, mkiandike. Tusisubiri Mjerumani atuandikie.