Tarehe 15 ya Mwezi wa Nane Katika Historia



Katika jubilei tunazoea kuhesabu miaka. Safari hii tushike siku moja tu ya kalenda, tuone yaliyotendeka siku hiyo katika nyakati mbalimbali. Siku yenyewe ni tarehe 15 ya mwezi wa nane, sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni.

Siku hiyo, mwaka 1248, Askofu Mkuu Konrad wa Hochstaden aliweka jiwe la msingi la kanisa kuu la Köln, katika Ujerumani. Wajengaji wakafa, wana wao wakafa, na katika karne ya 16 kazi ikasimama. Juu ya mnara usiokwisha ilibaki mashine ya mbao ya kunyanyulia mawe. Ilikaa pale zaidi ya miaka 300, hata watu wa mji wakaizoea kama sehemu ya kanisa. Kazi ilianzwa tena mwaka 1842, ikamalizika mwaka 1880, miaka 632 baada ya jiwe la kwanza. Kaizari Wilhelm alihudhuria sherehe, lakini Askofu Mkuu Paul Melchers hakuwapo: ugomvi kati ya serikali na Eklezya ulikuwa umemkimbiza nje ya nchi.

Siku hiyo tena, mwaka 1534, watu saba wa Chuo Kikuu cha Paris walipanda kilima cha Montmartre. Mmoja tu kati yao, Pierre Favre, alikuwa padri. Ndiye aliyetoa misa. Ignasi wa Loyola na wenzake wakaweka nadhiri ya kwenda Yerusalemu. Safari hiyo haikuwezekana, kwa kuwa vita kati ya Venezia na Waturuki vilifunga njia ya bahari. Basi wakaenda Roma kujitoa kwa Papa, na mwaka 1540 Shirika la Yesu likakubaliwa. Mmoja wa wale saba, Fransisko Xavier, alipita Msumbiji na Malindi akielekea Uhindi. Na tarehe 15 ya mwezi wa nane 1549, miaka 15 kamili baada ya Montmartre, akashuka Kagoshima, katika Japani.

Wakubwa wa dunia nao waliitamani siku hii. Napoleon alizaliwa tarehe hiyo mwaka 1769. Alipokwisha kuwa Kaizari wa Ufaransa, aliamuru mwaka 1806 iwe sikukuu ya Mtakatifu Napoleon. Shida ni kwamba mtakatifu wa jina hilo hakujulikana! Ikabidi kupekua orodha za mashahidi wa kale, akapatikana mmoja aitwaye Neopolis, na jina lake likageuzwa. Enzi ya Kaizari ilipoanguka, sikukuu yake ikaanguka pamoja nayo. Napoleon III aliirudisha mwaka 1852, nayo ikafa tena mwaka 1870, yeye alipoangushwa.

Na ng'ambo ya mto wetu, Kongo-Brazzaville ilipata uhuru siku hiyo mwaka 1960. Rais wake wa kwanza, Abbé Fulbert Youlou, aliacha madaraka kwa nguvu ya wananchi siku ile ile mwaka 1963: miaka mitatu, bila kuzidi wala kupungua.

Mwisho tufike kwetu. Kinshasa, tarehe 15 ya mwezi wa nane 1985, Papa Yohane Paulo II alimtangaza Sista Anuarite Nengapeta, binti wa Wamba, kuwa Mwenye Heri. Aliuawa Isiro mwaka 1964, akiwa na umri wa miaka 24, akamsamehe mwuaji wake. Papa naye, katika mahubiri ya siku ile, alitamka msamaha huo kwa jina la Eklezya nzima.

Amri ya Kaizari haikudumu; msamaha wa sista asiye na jeshi unadumu. Askofu Konrad hakuuona mnara, na wale saba hawakuifikia Yerusalemu pamoja, walakini walichoanza hakikupotea. Nasi katika parokia tunazo kazi zisizokwisha. Hiyo si aibu. Aibu ni kuiacha mashine juu ya mnara, hata macho yetu yakaizoea.